Naomba kueleweshwa posmodenizimu: wanafalsafa wa Paris na maghorofa yenye nguzo za bandia wanakutana wapi?

Kipanga_Mbishi (mwanzisha uzi)

Wakuu habari zenu. Nimekuwa nasomasoma hii kitu inaitwa posmodenizimu na nimefika mahali kichwa kinagoma. Upande mmoja nakutana na Wafaransa, Lyotard, Foucault, Derrida, Baudrillard, wanaandika sentensi ndefu mpaka ukifika mwisho umeshasahau ilianzaje, upande wa pili nikitafuta neno hilohilo naletewa picha za majengo, ghorofa la New York limevalishwa kichwa cha kabati la kizamani, uwanja wa New Orleans una nguzo za Kirumi zimezungushiwa taa za neoni, nyumba ya wazee Philadelphia ilisimikwa antena ya TV ya rangi ya dhahabu juu ya paa na haikuunganishwa na TV yoyote. Sasa hawa watu walikutana wapi? Ni fikra moja au ni jina tu limegongana? Afu jamaa mmoja kanambia kwa kujiamini kabisa kwamba posmodenizimu maana yake "hakuna ukweli, kila mtu na wake", nikamuuliza hilo ghorofa la New York linahusiana vipi na ukweli, akabadilisha mada. Msinitupie maana za kwenye kamusi tafadhali, nishazisoma zote, nataka mtu anieleze kama tunapiga stori tu.

Fungakazi

Mi nimekuja kukaa mkao wa kula. Ila hapo alipobadilisha mada ndo posmodenizimu yenyewe mkuu 😂

Zege_na_Nondo

Mkuu anza na majengo, Wafaransa waache kwanza wapumue, maana jengo unaliona kwa macho huwezi kudanganywa sana.

Huwezi kuelewa hawa jamaa walikuwa wanakimbia nini kama hujaijua modenizimu. Baada ya vita ya kwanza ya dunia wasanifu wengi wa Ulaya walikuwa na imani, na nasema imani makusudi, kwamba ukijenga vizuri utapata jamii nzuri. Le Corbusier akaandika 1923 kwamba nyumba ni mashine ya kuishi, shule ya sanaa na usanifu ya Bauhaus ikafunguliwa Ujerumani 1919 na kufungwa 1933 Wanazi walipoibana, Mies van der Rohe akawa na ule usemi wake kwamba kidogo ndo kingi, na kabla yao wote Adolf Loos kule Vienna alishaziweka nakshi kundi moja na uhalifu. Kwaiyo zege, chuma, kioo, paa bapa, ukuta mweupe, urembo marufuku, historia marufuku, na jengo hilohilo linafaa popote, penye theluji na penye jua la utosi. Na tusiwaonee, kazi nyingine ni nzuri mno, mi mbele ya kazi ya Mies navua kofia. Shida ilikuja pale ilipogeuka kuwa sheria. Miaka ya 50 na 60 kila benki, kila ofisi ya serikali, kila mradi wa nyumba za watu wa kipato cha chini ukawa sanduku, na masanduku mengi yalichorwa na watu wasio na kipaji cha Mies wala hela za wateja wake.

Sasa anaingia Robert Venturi, msanifu wa Kimarekani. 1964 anamaliza nyumba ya mama yake mzazi, pembeni ya Philadelphia, nyumba ndogo tu. Ukiitazama kwa mbele ni ile nyumba anayochora mtoto, paa la pembetatu, dohani, mlango katikati, madirisha. Halafu itazame tena taratibu. Ile pembetatu imepasuliwa juu katikati, kuna ufa mzima. Upinde uliobandikwa juu ya mlango haubebi kitu, ni mapambo matupu, na wenyewe umekatwa na huohuo ufa. Madirisha ya kushoto hayafanani kabisa na ya kulia, lakini hesabu vile vyumba vya miraba, vitano huku na vitano kule. Ukiingia ndani ngazi na sehemu ya kuotea moto zinagombania nafasi, ngazi ikifika kwenye dohani inabanwa inakuwa nyembamba, na ghorofani kuna kingazi kingine kinapanda kinaishia ukutani, hakiendi popote! Kila kitu pale kinakuambia najua sheria na nimeivunja mbele yako. Miaka miwili baadaye akatoa kitabu cha kutetea utata na mikanganyiko kwenye majengo, na humo ndo akamjibu Mies kwamba kidogo kinaboa.

Kisha yeye na mkewe Denise Scott Brown (kazaliwa sehemu ambayo saivi ni Zambia, akakulia Afrika Kusini, watu wengi hawalijui hili) na mwenzao Steven Izenour wakawachukua wanafunzi wa chuo kikuu cha Yale mwaka 1968 wakaenda nao Las Vegas kusoma mabango ya kasino kwa umakini uleule ambao watu husomea makanisa ya Roma. Wenzao waliwaona wamechanganyikiwa. Kitabu kikatoka 1972, na humo wakayagawa majengo mafungu mawili, "bata" na "banda lililopambwa". Bata ni duka la kweli kabisa lililoko Long Island, lilijengwa kwa umbo la bata na lilikuwa linauza bata na mayai yao. Banda lililopambwa ni boksi la kawaida lenye bango mbele. Utamu wa hoja uko hapa: walisema yale majengo ya modenizimu yanayojisifu hayana urembo yenyewe ndo mabata, maana yamejikunja na kujipinda mpaka jengo zima limekuwa urembo. Bora basi ujenge boksi la uaminifu na bango ulitundike waziwazi. Tuzo ya Pritzker, ile kubwa ya usanifu, 1991 akapewa mume peke yake, na 2013 watu walipodai mama naye aingizwe jina wakakataliwa, ila hiyo tuiache ina uzi wake.

Hilo kabati lako la New York ni makao ya AT&T (kampuni ya simu), kazi ya Philip Johnson, lilimalizika 1984. Na huyu Johnson ndo alikuwa mpiga debe mkubwa wa modenizimu Marekani tangu miaka ya 30! Kibao kikigeuka na yeye anageuka nacho. Uwanja wa neoni ni Piazza d'Italia wa Charles Moore, 1978, na ukiangalia vizuri kuna sura ya Moore mwenyewe ukutani inatema maji.

Na wewe uliyeuliza lazima ulijue hili: Charles Jencks, mhakiki wa usanifu, ndo aliyelibeba neno posmoden kwenye majengo, 1977 aliandika kwamba modenizimu ilikufa St. Louis tarehe 15 Julai 1972 saa tisa na dakika thelathini na mbili alasiri, walipolipua maghorofa ya Pruitt-Igoe, mradi wa nyumba za watu wa kipato cha chini. Kifo mpaka na dakika.

Bibi_Kalamu

Zege umeeleza vizuri sana, mimi nishike upande wa Wafaransa maana ndio niliozeeka nao.

Kipanga mwanangu, Lyotard alikiandika kile kijitabu cha 1979 kwa kuombwa na baraza la vyuo vikuu la serikali ya Quebec huko Kanada, walitaka ripoti kuhusu hali ya elimu kwenye nchi zilizokwisha kuingia kwenye kompyuta. Yaani kilianza kama kazi ya ofisini. Kwenye utangulizi akasema, huku akikiri anarahisisha kupita kiasi, kwamba posmoden ni kutoziamini tena hadithi kuu. Hadithi kuu ni zile zinazokwambia historia yote inaelekea wapi na nani atatufikisha, sayansi itawakomboa watu wote, akili ikitumika vizuri maendeleo hayarudi nyuma, wafanyakazi watashika hatamu na dhuluma itaisha. Yeye hakusema hadithi hizo zote ni uongo, alisema watu wameacha kuziamini, na baada ya kambi za mauaji na mambo mengine ya karne ile mtu ana haki ya kuacha.

Sasa rudi kwa Zege. "Jenga vizuri upate jamii nzuri" ni nini kama si hadithi kuu iliyomwagiwa zege? Hapo ndipo wanapokutana. Venturi anaupasua ukuta wa mbele wa nyumba ya mama yake kwa sababu haamini tena kwamba kuna umbo moja sahihi kwa watu wote, Lyotard anasema vivyo hivyo kuhusu elimu na siasa. Ila usije ukadhani wasanifu walimsoma Lyotard kwanza ndio wakachora. Tazama miaka, Venturi 1966, Jencks 1977, Lyotard 1979. Mwenyewe Lyotard anasema neno amelikuta linatumika Amerika kwa wanasosholojia na wahakiki. Lilivuka bahari kwenda Paris, halikutoka Paris.

Na huyo rafiki yako wa "kila mtu na ukweli wake" mwambie asome tena. Chukua Foucault. Mwaka 1975 aliandika juu ya magereza na akaenda kulichimbua jengo ambalo Bentham, mwanafalsafa Mwingereza, alilibuni mwishoni mwa karne ya 18, seli zimepangwa duara, mnara wa mlinzi katikati, mlinzi anaona kila seli lakini mfungwa hajui saa ngapi anaangaliwa, kwa hiyo inabidi ajilinde mwenyewe muda wote. Foucault hasemi gereza halipo wala kwamba lipo kwa wanaoliamini. Anauliza ujuzi huu wa kuwachunguza watu, kuwapima, kuwaweka kwenye mafaili, ulizaliwa kwenye vyumba vya namna gani na unampa nani nguvu. Hilo ni swali la ukweli kabisa tena gumu. Na bado huyohuyo Foucault alipoulizwa kwenye mahojiano ya 1983 kuhusu uposmoden alijibu kwa kuuliza hicho ni kitu gani, hana habari za karibuni 😀 Derrida naye hakulipenda hilo jina. Wengi mnaowaita viongozi wa chama hawakuwahi kuchukua kadi.

Msumari_Butu

Niwapinge kidogo hapa naona mnakubaliana sana. Zege hiyo stori ya Pruitt-Igoe ndo inaniudhi kuliko zote, na inarudiwa kila mahali bila mtu kukagua.

Moja, ubomoaji ulianza Machi 1972, sasa hiyo dakika ya Julai ni mbwembwe za mwandishi. Lakini hiyo ndogo. Kubwa ni hii, mnataka kutuambia yale maghorofa 33 ya ghorofa kumi na moja kumi na moja yaliuliwa na paa bapa? Serikali kuu ilitoa hela ya kujenga, matengenezo yakaachwa yalipwe na kodi za wapangaji, na wapangaji ndo hao maskini. St. Louis ilikuwa na watu laki nane na ushee 1950, ikifika 1970 imebaki na laki sita na kitu, wenye ajira wamehamia vitongoji vya nje, wazungu hasa. Pruitt ilipangwa iwe ya weusi na Igoe ya wazungu, mahakama ikakataza ubaguzi, wazungu wakaondoka. Ustawi wa jamii nao walikuwa na sheria kwamba familia ikitaka msaada baba mwenye nguvu zake asikae humo ndani. Nyumba haina baba, mwenye nyumba hana hela, lifti mbovu, vioo vimepasuka, afu anatokea mhakiki anasema ooh hii ni kwa sababu hakukuwa na nakshi. Mtafiti Katharine Bristol alishalipangua hilo dai 1991 na watu bado wanaliimba.

Na hapa ndo nawashika. Nyie mnasema posmodenizimu haiamini hadithi kuu. Haya, "modenizimu ilizaliwa, ikajikweza, ikafa saa tisa na dakika thelathini na mbili, sisi tukaja kuokoa", hiyo siyo hadithi kuu? Ina mwanzo ina mwisho na shujaa inaye!

Zege_na_Nondo

Msumari sijasema nakshi zingeiokoa mzee, usiniwekee maneno. Hayo ya fedha na ubaguzi yapo na ni mazito kuliko michoro. Ila msanifu naye ana sehemu yake, Minoru Yamasaki (ndiye huyohuyo aliyekuja kuchora ile minara pacha ya New York) alikubali lifti zinazosimama kila baada ya ghorofa tatu ili kubana gharama, kwaiyo mama anakaa ghorofa ambayo lifti haisimami, inabidi ashukie juu yake au chini yake afu amalizie kwa ngazi ambazo ndo vibaka wanamsubiri. Na zile korido ndefu alizochora ziwe uwanja wa watoto na majirani kukutana zikageuka sehemu za kupita mbio. Mtu alichora akiwa na picha ya jamii kichwani, na jamii haikuja.

Hilo la mwisho, la hadithi kuu, hapo sina la kukujibu, nakuachia Bibi.

Bibi_Kalamu

Nami naona amepiga penyewe. Jencks alikuwa anauza kitabu. Habermas naye, mwanafalsafa Mjerumani, 1980, akipokea tuzo kule Frankfurt, aliwaambia kitu kinachofanana na hicho kwa njia nyingine, kwamba mradi wa usasa haujafa, haujamalizika tu, na anayekimbilia kuuzika awe mwangalifu asije akawa anawasaidia wanaotaka turudi nyuma ya pale tulipoanzia. Mimi mpaka leo namsoma Lyotard asubuhi na Habermas jioni.

Kipanga_Mbishi

Daah nimeanza kupata mwanga, asanteni sana. Kwaiyo nikielewa vizuri majengo yalitangulia, fikra zikapewa jina baadaye, na kinachowaunganisha ni kutoiamini ile dawa moja ya kila mtu. Sasa swali la pili, huu si urembo tu lakini? Yaani kubandika nguzo ya Kirumi kwenye ofisi ndo kuikataa hadithi kuu? Kuna jengo ambalo wamefanya kitu cha maana zaidi ya utani?

Zege_na_Nondo

Lipo. Neue Staatsgalerie ya Stuttgart, James Stirling, 1984. Tafuta picha zake usiku huu. Makumbusho ya zamani huwa na ukumbi wa duara katikati wenye kuba juu, Stirling akaweka duara katikati lakini akaondoa kuba, ni uwanja uko wazi juu, na njia ya watu wa kawaida inalipita jengo katikati, raia anakatiza kwenda mtaa wa pili bila kununua tiketi. Kuta zimepangwa mawe kwa mistari ya rangi mbili, nzito, unaona kabisa heshima ya hekalu, afu pembeni vyuma vya kushikia kwenye ngazi ni vinene, vya pinki na bluu, na sakafu ya ukumbi wa kuingilia ni mpira wa kijani kibichi. Kitu ninachokipenda mimi kiko kwenye ukuta wa maegesho. Alihitaji matundu ya hewa. Badala ya kuweka wavu akatoa mawe machache ukutani na kuyaacha yamelala chini kwenye majani, utadhani yamedondoka yenyewe kama kwenye magofu. Ukisogea kwenye tundu unaona yale mawe yote mazito ni ngozi nyembamba tu imebandikwa. Kakupa hekalu, halafu kakuonyesha mwenyewe kwamba hekalu ni vazi. Huo utani una kazi.

Baya pia lipo. Jengo la Portland la Michael Graves, 1982, ofisi za jiji. Kwa nje lina utepe mkubwa wa mapambo, rangi, nguzo za kuchorwa zenye urefu wa maghorofa kadhaa, na madirisha madogo ya mraba, sasa wafanyakazi wakakaa humo gizani miaka na miaka, maji nayo yakawa yanavuja, ukarabati mkubwa umekuja kumalizika 2020. Kule uso wa jengo ulipata mawazo yote, mtu wa ndani akapata kidirisha.

Bibi_Kalamu

Na kuna la katikati. Fredric Jameson, mhakiki wa Kimarekani, mwaka 1984 aliandika juu ya hoteli ya Bonaventure ya Los Angeles, minara ya vioo ya John Portman. Analalamika kwamba ukiingia pale chini huwezi kujua uko upande gani, minara minne inafanana, maduka ya ndani hayapati wateja kwa sababu mtu akiliona duka leo kesho halioni tena, mpaka ikabidi wabandike rangi na mishale ya kuelekeza. Kwake yeye huu ndio ubepari wa sasa wenyewe, umekuwa mkubwa na umetapakaa kiasi kwamba aliye ndani yake hajui amesimama wapi. Kipanga, huyu Jameson mtafute, anazijua pande zote mbili unazoziuliza.

Msumari_Butu

Tusisahau na Sokal, mwalimu wa fizikia New York. 1996 akatunga makala ya upuuzi kwa makusudi, nguvu ya mvutano na fizikia ya kwanta vimechanganywa na nukuu za Wafaransa, jarida la Social Text likaichapa. Sisemi Foucault hana maana, nasema kulikuwa na soko la maneno magumu na watu waliuziwa.

Fungakazi

Mi nilikuwa nacheka tu huku pembeni ila na mimi nina mchango. Hao kina Venturi na Scott Brown walichora lile jengo jipya la National Gallery London, Sainsbury Wing, lilifunguliwa 1991. Ukumbi wa chini wakaweka nguzo kubwakubwa, baadhi hazibebi chochote. Mmoja wa waliotoa hela ya kujenga, John Sainsbury, hakuzitaka kabisa, akashindwa kwenye vikao. Unajua alifanya nini? Akaandika barua 1990, akaiweka ndani ya nguzo jengo likiwa bado linajengwa! Mafundi wamekuja kuvunja 2023 kwa ajili ya ukarabati wakaikuta, inasema ukiisoma barua hii basi unabomoa mojawapo ya nguzo za uongo, naamini ni kosa la msanifu, na mmoja wa wafadhili anafurahi sana kwamba kizazi chenu kimeamua kuziondoa. Yaani kamsubiri mtu miaka thelathini ndani ya nguzo. Mwenyewe alishafariki 2022.

Kipanga_Mbishi

Hahahaha we Fungakazi, hiyo barua iko wapi saivi?

Fungakazi

Imewekwa kwenye hifadhi ya nyaraka ya hukohuko makumbusho. Nguzo ndo hazipo.

Zege_na_Nondo

Cheka tu, ila mi mwenyewe nguzo zile ningeziacha. Ule ukumbi ulikusudiwa uwe wa chini na mzito, kama chumba cha chini ya kanisa, ndo uje upande ile ngazi pana utokee juu kwenye mwanga na michoro ya kale. Scott Brown mwenyewe aliupinga ukarabati, ana zaidi ya miaka tisini na bado anabishana. Saivi ukumbi uko wazi, una mwanga, foleni inapita vizuri, na unafanana na ukumbi wa kuingilia wa makumbusho yoyote.

Msumari_Butu

Foleni inapita vizuri Zege. Mi hapo tu nimeridhika.